Namna ya kusoma kuganda kwa damu, kwa mzazi na kwa kichanga wake

Kabla hujashika tyubu, jua kwanza kitu ambacho tyubu haina. Haina utando. Damu ikiwa mwilini imezungukwa pande zote na safu moja ya seli bapa zilizopangana kwenye ukuta wa ndani wa mshipa, kuanzia moyoni hadi kwenye vimishipa vya ncha ya kidole. Seli hizo ndizo zinazoamua, kila dakika, damu ibaki majimaji au igande. Ukiivuta damu ukaitia kwenye kioo, umeitenga na mwamuzi wake. Majibu utakayosoma ni ya damu iliyo peke yake. Kwa mtu mzima upungufu huo unavumilika. Kwa kichanga unaweza kukupoteza kabisa: ukamwogopa mtoto aliye salama, au ukamwacha aliye hatarini.

Mimi ni mkunga, niko Lindi mjini, wodi ya wazazi. Nawaandikia wadogo zangu mnaopangiwa zahanati na vituo vya afya vya huku kusini, Liwale, Kilwa, Nachingwea, Tandahimba, Newala. Mara nyingi utakuwa na kipimo cha malaria, cha wingi wa damu na cha mkojo, basi. Mashine ya kupima kuganda iko mbali, na masika yakishika, safari ya kuifikia inaweza kula siku nzima. Kwa hiyo mikono yako, macho yako na kioo kimoja safi vitafanya kazi kubwa, na ni lazima ujue unachokitazama.

Anza na kamba ya kitovu

Jaribu jambo hili siku ambayo wodi imetulia na mama na mtoto wako salama. Mtoto amezaliwa, amelazwa kifuani kwa mama, umesubiri dakika 1 hadi 3 kama tunavyotakiwa, kisha umebana na kukata. Kondo likishatoka, bana kipande cha kamba sehemu mbili, kila upande, ukiacha urefu wa kiganja katikati, ukiweke kwenye trei. Pembeni yake acha matone machache ya damu yaliyodondokea kwenye bakuli. Matone yataganda ndani ya dakika chache, utayaona yanang'aa na kushikana. Nusu saa ikipita, ichome kwa sindano ile veni nene ya kipande kilichobanwa. Damu inatoka majimaji. Ndiyo maana hospitali zenye vifaa huweza kupima asidi ya damu ya kitovu kutoka kwenye kipande kilichobanwa hata saa nzima baada ya kuzaliwa.

Damu ni ileile, joto ni lilelile la Lindi, na zote mbili zimesimama hazitembei. Kilichotofautiana ni ukuta unaozigusa. Joseph Lister, yule daktari wa upasuaji wa Uingereza, alilieleza jambo hili London mwaka 1863 akitumia mishipa ya wanyama waliochinjwa: damu iliyofungiwa ndani ya mshipa wake ilikawia sana kuganda, na ile iliyomwagwa kwenye chombo iliganda upesi. Hakujua utando ule unafanya nini hasa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kupata njia ya kuuchunguza, na njia yenyewe ilipita mikononi mwetu wakunga. Mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake huko New York walizibandua seli hai kutoka kwenye veni ya kitovu cha binadamu na kuzikuza maabara. Tangu hapo sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu utando wa mishipa ya watu wazima imetokana na vitovu vya vichanga, yaani kamba hizihizi tunazozitupa kila siku kwenye shimo la kondo. Mimi nikilifikiria hilo siishi kushangaa, na ningependa kila mkunga alijue.

Utando unavyofanya kazi

Wakati hakuna jeraha, utando unafanya kazi ya kuzuia. Unatoa oksidi ya nitriki na prostasaiklini, vitu viwili vinavyolegeza mshipa na kuzizuia chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha, zisinate. Juu yake umefunikwa na nyuzi za sukari za jamii ya heparini, na nyuzi hizo huipa nguvu antitrombini, protini ya damu inayokamata trombini, mgandishaji mkuu wa damu, na kuinyamazisha. Unaachia pia kimeng'enya cha kuyeyusha bonge lolote dogo linaloanza kujijenga.

Lakini kazi iliyonifanya niupende utando ni ile ya trombomodulini, na hapa nakuomba usome polepole. Trombini ndiyo bosi wa kugandisha: ndiyo inayogeuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini, ndiyo inayoziamsha chembe sahani. Sasa, trombini ikielea ikatoka kwenye jeraha na kugusa utando mzima wa jirani, inakamatwa na trombomodulini iliyosimama juu ya seli. Ikishakamatwa, tabia yake inageuka. Haigandishi tena. Badala yake inaiamsha protini C, na protini C ikishirikiana na protini S inakwenda kuvikata vigandishi (protini za damu za kugandisha) namba V na namba VIII, ambavyo bila hivyo trombini mpya haitengenezwi kwa wingi. Yaani kile kile kilichowasha moto kwenye jeraha, hatua moja pembeni, kinatumika kuuzima. Ndiyo sababu mama anaweza kuchanika msamba, damu ikaganda pale pale penye mchaniko, na mguu wake wote ukabaki na damu inayotiririka.

Utando ukichanika mambo ni mengine. Tishu iliyo chini yake inakutana na damu na kuanzisha trombini. Seli za jirani zinafungua vifuko vyao vidogo, vile vilivyoelezwa na Ewald Weibel na George Palade mwaka 1964, na kumwaga protini ndefu inayozidaka chembe sahani na kuzishikiza ukutani. Protini hiyo ina jina la Erik von Willebrand, daktari wa Ufini, ambaye mwaka 1926 aliandika kuhusu familia ya visiwa vya Åland iliyokuwa ikitokwa damu kupita kiasi. Binti mmoja wa familia hiyo alikufa kwa damu ya hedhi. Kwa hiyo mama akija kliniki, muulize hedhi zake zilikuwaje tangu alipovunja ungo, aliwahi kung'oa jino damu ikakataa kukatika, na mama yake au dada zake wakoje. Swali hilo halihitaji umeme wala mashine.

Kichanga si mtu mzima mdogo

Mwaka 1987 Maureen Andrew, daktari wa watoto wa Kanada, na wenzake walichapisha vipimo vya kuganda vya watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi, wenye afya. Vigandishi vinavyotegemea vitamini K, namba II, VII, IX na X, vilikuwa karibu nusu ya vya mtu mzima, kimoja juu kidogo, kingine chini. Ukiishia hapo utasema mtoto ni mgonjwa. Endelea kusoma: antitrombini nayo iko karibu theluthi mbili tu ya mtu mzima, na protini C na protini S ziko karibu theluthi moja. Fibrinojeni iko kama ya mtu mzima. Kigandishi namba VIII hakijapungua. Protini ya von Willebrand imezidi ya mtu mzima, na minyororo yake ni mirefu zaidi, yenye kunata zaidi.

Kwa hiyo kichanga ana kidogo cha kugandisha na kidogo cha kuzuia, na pande mbili hizo zinalingana. Ni ngalawa na jahazi: vyote viwili vinaelea vizuri, ila ngalawa hupinduliwa na wimbi ambalo jahazi halilisikii. Chembe sahani za kichanga ni wavivu kuamka ukizipima kwenye kioo, lakini ndani ya mtoto zinasaidiwa na ile protini ndefu inayomwagwa na utando, na wingi wa chembe nyekundu unazisukuma chembe sahani kuelekea ukutani zinakohitajika. Matokeo yake, ukimchanja kichanga mwenye afya na mtu mzima mkato mdogo unaolingana, damu ya kichanga inakatika mapema zaidi. Maabara ingekuambia kinyume.

Upande wa kuzuia pia una msaada wake. Kichanga ana kiwango kikubwa cha protini nyingine inayoikamata trombini, alfa-2-makroglobulini, ambayo kwa mtu mzima ina nafasi ndogo. Na mishipa yake ni myembamba, hivyo kila tone la damu linagusa utando mwingi kuliko katika mishipa mipana ya baba yake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa kusikitisha. Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila protini C kabisa. Saa au siku chache baada ya kuzaliwa, ngozi yao inapata mabaka ya zambarau yanayogeuka meusi, kwa sababu vimishipa vimejaa mabonge. Utando wao ni mzima na trombomodulini ipo, ila haina cha kuamsha. Ukiona mabaka ya namna hiyo kwa kichanga, usisubiri yapone. Ni rufaa ya papo hapo.

Kuchukua damu ya kichanga

Piga hesabu kwanza. Kichanga ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 3 ana mililita 240 hivi, na njiti wa kilo 1.5 ana 120. Mililita 2 ukizivuta kwa njiti huyo ni kama kumvuta mtu mzima mililita 80 hivi. Usichukue damu kwa udadisi. Chukua ikiwa jibu litabadilisha utakachofanya.

Tone la kisigino ni sawa kwa sukari. Kwa kipimo cha kuganda halifai, kwa sababu ukikamua kisigino unachanganya damu na maji ya tishu, na hayo maji ndiyo yanayoanzisha kuganda. Damu itakuwa imeanza safari kabla haijafika kwenye chupa. Kwa kuganda tafuta veni inayotiririka yenyewe, mchomo mmoja, bila kuhangaika ndani kwa ndani. Ukikosa, toka, bonyeza, pumzika, tafuta pengine au mwite mwenye mkono mwepesi zaidi.

Chupa ni ile ya kifuniko cha bluu yenye sitrati, dawa inayozuia damu isigande njiani. Ijaze hadi mstari wake, kwa sababu uwiano ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitrati. Ukiijaza nusu, sitrati inazidi na jibu linatoka refu la uongo. Igeuze taratibu mara tatu au nne, usiitikise. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kichanga ana chembe nyekundu nyingi, kwa hiyo plazma, yale maji ya damu, ni chache, na zikizidi asilimia 55 hata chupa iliyojazwa vizuri itakuwa na sitrati nyingi kupita plazma. Mpigie mtaalamu wa maabara kabla hujavuta, umwambie ni kichanga na wingi wa damu yake ni kiasi gani, akupunguzie sitrati. Usiiweke chupa kwenye friji, maana baridi inaamsha baadhi ya vigandishi. Usiiache dirishani pia kwenye jua. Ifike maabara ndani ya saa 4.

Jibu likirudi, lisome kwa viwango vya kichanga wa umri huo. Kipimo kinachoanzia kwenye mguso wa kitu kigeni (APTT), ambacho kwa mtu mzima ni sekunde 30 na kitu, kwa kichanga mwenye afya wa siku ya kwanza huwa 40 na kitu na kinaweza kufika 54. Nimeona mzazi akiambiwa mwanawe ana tatizo la damu kwa sababu karatasi ilibeba viwango vya watu wazima tu pembeni, na mtoto mwenyewe ananyonya, kitovu kikavu, ngozi safi. Yule mama hakulala. Mwangalie mtoto kabla ya karatasi: kitovu, pua, fizi, kinyesi, matobo uliyomchoma, utosi.

Ukishachomoa sindano, weka pamba au gozi kavu na bonyeza kwa kidole dakika mbili tatu bila kufunua kuchungulia. Usisugue. Plagi ya chembe sahani inajengwa juu ya utando uliochanika na nyuzi za fibrini bado ni laini. Ukisugua unaibandua na kuchubua utando wa jirani.

Kuhusu kanula nasema kwa mkazo. Sehemu kubwa ya mabonge ya damu yanayowapata vichanga duniani yanatokana na mirija iliyowekwa mishipani. Mrija unakwaruza utando, unaziba mwendo, na wenyewe hauna trombomodulini wala prostasaiklini. Chagua mdogo unaotosha, ufunge vizuri usicheze, uangalie kila zamu, na uutoe siku ambayo dawa ya mshipani imekwisha. Usiuache "kwa tahadhari".

Vitamini K

Ngalawa hii ina wimbi moja tunalolijua na tunaloweza kulizuia. Vigandishi namba II, VII, IX na X vinatengenezwa na ini lakini haviwezi kazi bila vitamini K. Protini C na protini S nazo vilevile, kwa hiyo vitamini hiyo moja inalisha pande zote mbili. Kichanga anazaliwa na akiba ndogo sana, kwani hupita kwa shida kwenye kondo, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana kiasi kidogo. Henrik Dam wa Denmark aliigundua kupitia vifaranga waliokuwa wakitokwa damu, na akatunukiwa Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani.

Mtoto asipochomwa sindano ya vitamini K, damu inaweza kutoka katika nyakati tatu. Ndani ya saa 24 za kwanza, hasa mama akiwa anatumia baadhi ya dawa za kifafa au za kifua kikuu, kwa hiyo ziulize dawa zake mapema. Kati ya siku ya 2 na ya 7: kitovuni, tumboni, puani. Na ile ninayoiogopa zaidi, kati ya wiki ya 2 na mwezi wa 6, wakati mtoto amenenepa, ananyonya maziwa ya mama tu, kila mtu ameshamsifu, na damu inavuja ubongoni. Mara nyingi ilitanguliwa na dalili ndogo, tone la puani au kitovu kilichotoa damu tena, ikapuuzwa.

Fanya hivi. Mwache mtoto kifuani kwa mama saa ya kwanza, anyonye. Kisha chukua ampuli na usome nguvu yake kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu zipo za miligramu 10 kwa mililita na zipo zilizochanganywa nyepesi kwa ajili ya watoto. Dozi ya mtoto aliyetimiza miezi ni miligramu 1. Kwenye ampuli ya 10 kwa mililita hiyo ni mililita 0.1, na unahitaji bomba la mililita 1 lenye mistari midogo. Njiti hupewa pungufu, fuata mwongozo wa wizara uliobandikwa wodini kwako. Choma paja, upande wa mbele kwa nje, sehemu ya katikati. Bonyeza. Andika kwenye kadi dozi na saa. Ampuli zitunzwe kwenye boksi lake, mwanga unaziharibu.

Mama akikataa, mara nyingi anayekataa ni bibi aliyekaa naye. Usibishane na mama pembeni. Msalimie bibi shikamoo, kaa chini, mwambie: "Bibi, mjukuu wako amekuja na akiba ndogo ya kitu kinachokata damu. Sindano hii moja inamvusha mpaka tumbo lake lianze kujitengenezea." Wazee wa huku wanajua damu. Wameshuhudia uzazi kabla hatujazaliwa sisi, na wakielezwa kwa heshima wanakuwa walinzi wazuri kuliko karatasi yoyote ukutani. Mwambie pia asiweke majivu wala mafuta kitovuni, kikae kikavu na wazi. Na kama familia inataka tohara siku ya saba, ifanywe hospitali, baada ya kuhakikisha kwenye kadi kuwa vitamini K ilichomwa. Kukata kimeo na kung'oa wanayoyaita meno ya plastiki, kataa kabisa. Huko ni kuchana utando wa kichanga mahali ambapo huwezi kubonyeza.

Kipimo cha kioo kwa mzazi

Hiki ndicho utakachokitumia usiku. Mzazi anatokwa damu nyingi, au ana shinikizo la juu na protini kwenye mkojo, au mtoto alifia tumboni siku zimepita, na hujui kama damu bado inaganda.

Vuta mililita 2 za damu ya veni, utie kwenye tyubu ndogo ya kioo, kavu, safi, isiyo na dawa yoyote ndani. Isiwe ya plastiki. Kioo ni ukuta mgeni unaoamsha kuganda kwa nguvu; plastiki haifanyi hivyo kwa uhakika. Tyubu iliyooshwa kwa sabuni ikabaki na mabaki itakudanganya pia. Ishike ndani ya ngumi yako ipate joto la mwili. Tazama saa. Dakika ya 4 iinamishe polepole uone kama bonge linajengeka. Kisha kila dakika moja, hadi uweze kuipindua kichwa chini na damu isimwagike. Ikipita dakika 7 haijaganda, au bonge ni laini linalovunjika kirahisi, chukulia kwamba damu yake imepoteza uwezo wa kuganda. Viwango hivi ni vya mzazi. Usivitumie kwa kichanga. Na aliyeumwa na nyoka shambani kwenye mikorosho ana kipimo chake: tyubu hukaa dakika 20 bila kuguswa, kisha huinamishwa mara moja.

Kumbuka mjamzito kwa kawaida fibrinojeni yake imepanda, damu yake hupenda kuganda. Kwa hiyo bonge laini kwake ni habari mbaya kuliko lingekuwa kwa mtu mwingine. Wakati unapima, mwenzako anaendelea na kazi: oksitosini, kusugua tumbo la uzazi likaze, kukagua michaniko, mikono kubana. Penye kondo, kinachofunga mishipa kwanza ni msuli wa tumbo la uzazi. Utando na damu vinamalizia. Ndani ya saa 3 tangu kuzaliwa, na damu ikiwa inazidi, mpe asidi ya traneksamiki gramu 1 mshipani polepole, kama dakika 10. Dawa hii haigandishi. Inazuia bonge lililokwisha kujengwa lisiyeyushwe haraka na kile kimeng'enya kinachoachiwa na utando. Utafiti uliothibitisha faida yake, uliotoka mwaka 2017, ulihusisha zaidi ya wanawake 20,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo.

Kisha urudi kwenye kile ambacho tyubu haina. Mzazi mwenye dalili za kifafa cha mimba anaweza kuganda vizuri dakika ya 5 na bado utando wake ni mgonjwa mwili mzima. Utando unaoumwa hupunguza oksidi ya nitriki na prostasaiklini, mishipa inabana, chembe sahani zinanata na kuisha. Kwa huyo, kipimo kizuri cha saa mbili usiku hakikupi ruhusa ya kulala. Rudia. Tazama vidoa vyekundu kwenye ngozi, matobo ya sindano yanayovuja, mkojo wenye damu. Maambukizi makali ya damu nayo yanaung'oa utando ulinzi wake. Na malaria, ambayo mikoa yetu hii ya Lindi na Mtwara inaijua sana: chembe zilizobeba vimelea hunata kwenye utando wa vimishipa, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba katika malaria kali vimelea hushika hasa kile kipokezi ambacho protini C hukitumia kuamshwa. Mgonjwa ana protini C, ana trombomodulini, na kiti cha katikati kimekaliwa na mdudu. Kwa hiyo mjamzito mwenye malaria kali umtazame kama mtu ambaye kuganda kwake kunaweza kuharibika upande wowote.

Mguu mmoja uliovimba

Wiki za mwanzo baada ya kujifungua, na zaidi baada ya upasuaji, damu bado iko tayari kuganda na utando umechoka. Mhimize mzazi ainuke mapema, atembee, anywe maji. Akilazimika kupanda basi kwenda Dar es Salaam, asikae amekunja miguu njia nzima. Gari likisimama Somanga au Ikwiriri ashuke anyooshe.

Huku kwetu mzazi anakandwa kwa maji ya moto, na shangazi anayekanda ana mkono wa nguvu na upendo. Mwambie waziwazi: mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto, usiukande. Ndani yake huenda kuna bonge limeshika ukutani, na kulikanda ni kulibandua liende mapafuni. Aje hospitali siku hiyohiyo, akiwa amepumzisha mguu.

Kama unampeleka mbele mzazi au kichanga, barua ya rufaa isiandikwe "anatokwa damu" tu. Andika saa aliyojifungua, damu iliyopotea kwa kukadiria, kipimo cha kioo kilianza saa ngapi na dakika ya ngapi uliona nini, dawa zote na saa zake. Kwa kichanga andika uzito, umri kwa saa, vitamini K dozi gani na ilichomwa saa ngapi au haikuchomwa, dawa alizotumia mama, na sehemu ambazo damu inatoka. Kisha piga simu huko unakompeleka, usome barua hiyo kwa sauti kwa mtu atakayempokea, umuulize kama wana damu ya kundi la mama. Gari likiondoka, mwenzako akae nyuma na mgonjwa, kidole chake kikiwa juu ya gozi.